Laini ya Pili kwa Kidole Changu

Mpendwa Bi Sabaha, nisaidie kwa jambo nililoligundua juzi, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mandawa, nalima na kununua ufuta, na kwa ajili ya kuongea na wanunuzi nilijiunga na kile kifurushi cha simu cha kulipia mwisho wa mwezi, sasa msimu umeisha nikaona cha nini, nirudi kwenye vocha kama wenzangu, nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini kwenye ofisi ya mtandao, nikamwomba dada wa pale anifungie na anipe bili ya mwisho, akachukua kitambulisho changu, akatazama kompyuta, akaniuliza, "Mama, tufunge ipi? Unazo mbili."

Nikacheka Bi Sabaha, nikamwambia dada utakuwa umekosea, mimi hiyo simu moja yenyewe nachajia kwa jirani, akanigeuzia kioo nikaona jina langu na namba nisiyoijua, nayo ina kifurushi kama changu na bili haijalipwa. Ndipo nikakumbuka mwaka jana mume wangu Masoudi alikuja nyumbani na wakala wa kusajili laini, akasema tunahakiki, nikaweka kidole, wakala akasema haijasoma weka tena, nikaweka tena, nilikuwa nakoroga uji hata sikuuliza.

Nilipotoka nje nikaipiga ile namba, akapokea mwanamke wa sauti ya upole, nikajitaja, akasema, "Dada Asmaa, jamani, sikujua nitakushukuruje. Masoudi aliniambia umeniridhia, na laini hii umenipa wewe ya kunikaribisha."

Anaitwa Faudhia, yuko Kiegei, huko huko Masoudi anakosema anafuata korosho, wameozeshwa na shehe mwaka jana. Nilijibu haya mdogo wangu, nikakata, na mpaka leo sijamwambia mtu, Masoudi anakula chakula changu na kukisifia. Nikiifunga laini nitaonekana nina wivu, nikiiacha bili zinakuja kwa jina langu, nifanye nini mimi?

Asmaa, Mandawa

Asmaa, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikamwita mwenzangu naye asome, maana ndoa za siri nimeziona za kila aina, lakini kutumia kidole cha mke mkubwa kumsajilia mke mdogo simu, hii mpya.

Nikugombeze kwanza. Kidole chako ni saini yako. Wakala akisema weka tena, unaacha uji uungue, unauliza anasajili nini.

Halafu wivu unauonea haya ya nini? Unao, na una haki nao. Ila kufunga laini si wivu. Namba hiyo ikitapeli mtu kesho, polisi watakuja Mandawa, Kiegei hawafiki.

Faudhia usimtukane, naye kadanganywa. Mpigie leo, mwambie hukuridhia kwa sababu hukuulizwa, na aanze kutafuta laini kwa jina lake. Kisha rudi Ruangwa na kitambulisho, funga zote mbili. Usishtuke bili ya mwisho isipofanana na ya kila mwezi, wanahesabu mpaka siku unayofunga, pamoja na ulichotumia zaidi ya kifurushi. Dai kila namba na karatasi yake, na ujumbe wa kuthibitisha imefungwa, la sivyo mwezi ujao itakuja nyingine. Ya kwako lipa. Ile ya pili usiilipe hata senti, hiyo atailipa Masoudi.

Masoudi kuoa wa pili dini yake inamruhusu. Kusema umekubali jambo usilolijua, hakuna kitabu kinachomruhusu. Waite wazee wa pande zote mbili. Lakini kabla hawajafika mpakulie kama kawaida, na bili ya Faudhia iweke pembeni ya sahani. Usiseme neno. Mwache asome mpaka afike kwenye jina lako, ndipo umuulize hicho kidole alikuomba lini.