Soksi Nyekundu ya Breki

Jumapili, 11 Februari

Mume wangu. Nimeanza na maneno hayo mawili kwa sababu bado napenda kuyatazama yakiwa yameandikwa. Tangu Januari ni wangu, kwa sheria na kwa mihuri. Asubuhi namwangalia Mads alivyolala, mdomo wazi kidogo, nywele zimesimama upande mmoja, na najiuliza nilikuwa naishije kabla yake.

Leo ni Jumapili ya mikate ya krimu, ile ya mwisho kabla ya Kwaresima. Nimeoka sinia nzima. Mads akasema kwao Denmaki huweka jamu ndani na sukari juu. Kaka yangu Gaute akadakia: "Lazima muweke sukari, maana nchi yenyewe haina hata kilima cha kutazama." Akacheka peke yake, krimu puani.

Gaute amekuja jana kutoka Oslo na gari jipya. Fowili, injini inasukuma magurudumu yote manne. Jeusi, refu, viti vinapashwa moto, na kuna kitufe chenye picha ya chembe ya theluji. Amenitoa nje kwenye baridi kunionyesha kitufe. "Ukibonyeza hapa, dada, gari linafikiri lenyewe." Ni vizuri lifikiri. Dereva hana mpango huo.

Mezani Baba akafuta masharubu na kusema jambo alilokuwa akilizungusha kichwani majuma mengi. Nyumba yetu ya wageni inataka dereva wa majira ya baridi, wa kuvuka mlima kwenda mjini na kurudi. Ijumaa Mads ashuke na fowili yetu ya zamani, apakie chakula cha wiki ya mapumziko, Jumamosi arudi. Akifika bila kukwamuliwa wala kuvutwa na mtu, kazi ni yake na chumba cha juu ni chetu. Akishindwa, basi tufuate ile kazi ya ghala kwa mjomba wake Aarhus, huko Denmaki. Gaute atafuata nyuma na gari lake, awe shahidi.

Aarhus! Mahali ambapo kilima kirefu kabisa ningekipanda na kikombe cha kahawa kilichojaa na nisimwage tone. Ningemfuata Mads hata huko, naapa. Lakini ningekauka kama ua lililosahaulika dirishani.

Jumatatu, 12 Februari

Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Na Mads alivuta breki ya mkono jana usiku.

Hapa hakuna anayevuta breki ya mkono wakati wa baridi. Unaacha gari ndani ya gia, unakwenda kulala. Ukiivuta, unyevu unaganda na breki zinang'ang'ania magurudumu mpaka jua lirudi. Tunalijua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Lakini mpenzi wangu amefundishwa kuendesha kwenye nchi ya mvua na baiskeli, na mkono wake unavuta wenyewe, kabla hajafikiri.

Asubuhi akawasha, akatia gia, na gari likaburura magurudumu yake ya nyuma uani kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mistari miwili mirefu kwenye theluji. Gaute alitoka na vazi lake la kulalia kuja kushuhudia. "Bwana Breki! Umetutengenezea njia ya kuteleza?"

Mads akacheka naye. Hiyo ndiyo tabia yake, anacheka na wanaomcheka. Mimi siwezi. Nilileta birika la maji ya uvuguvugu, nikapita karibu na miguu ya Gaute kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 13 Februari

Dukani kila mtu anajua. Mama anayepokea pesa akaniuliza, "Na Bwana Breki hajambo?" Huyu ambaye mumewe aliegesha trekta juu ya ziwa lililoganda mwezi wa Aprili, barafu ikiyeyuka.

Nje ya duka kulikuwa na mtalii amekwama kwenye maegesho. Fowili ya kukodi, tairi laini zisizo na misumari ya kushika barafu, magurudumu manne yote yakizunguka kwa bidii mahali pamoja. Akaniambia kwa uchungu, "Lakini hili ni fowili." Kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. Nikamwambia fowili inakusaidia kuondoka. Wakati wa kusimama kwenye barafu, kila gari ni sawa na sinia ya bati. Hakunielewa. Gaute naye hajaelewa, na amezaliwa hapa.

Jumatano, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Watu wa huku wanaona haya hata kuitaja. Mads aliniamsha na kahawa na karatasi aliyoikata umbo la moyo, imepinda upande. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari hili.

Mimi nimemfumia soksi. Si ya mguu wake. Ndogo, nyekundu, ya sufu, ya kuvalishwa mpini wa breki ya mkono. Mkono wake ukigusa sufu badala ya plastiki, utakumbuka. Aliigeuzageuza mkononi, halafu akanibusu kwenye nyusi.

Kisha tulikwenda kufanya mazoezi kwenye barabara ya msituni. Nilimfundisha kuteremka kwa gia ndogo, mguu mbali na breki, gari lijishikilie lenyewe. Nilimfundisha kuacha nafasi. Kubwa. Halafu uiongeze tena. Anasikiliza kwa uso wote. Sijawahi kuona mwanamume anayemsikiliza mkewe habari za magari. Nyumbani kwetu jambo hilo halijulikani kabisa.

Gaute ameona soksi. "Ingunn, mmeivalisha breki? Mtaibatiza lini?"

Nikamwambia tutaibatiza siku atakayojifunza kuegesha bila kuonywa na mlio wa gari lake.

Ijumaa, 16 Februari

Tumeshuka, mimi kando ya Mads, Gaute nyuma yetu. Jua, barabara safi, mlima mpole kama paka. Mads aliendesha vizuri mno. Usiku hatuna la kufanya katika hoteli ya kituo cha treni ila kupendana na kusikiliza upepo. Upepo umeanza.

Mikate, maziwa, nyama, viazi, mishumaa. Vyote viko garini. Gari liko ndani ya gia. Nilikwenda kuhakikisha? Hapana. Alikwenda yeye mwenyewe mara ya pili, akarudi na theluji kwenye kope. "Soksi imelala," akasema.

Jumamosi, 17 Februari

Naandika ndani ya gari, kalamu inakataa, nitaandika tu maana nikikaa bure nitamrukia mtu.

Kwanza kwenye kizuizi cha barabara. Mlima umefungwa kwa tufani, magari yanavuka kwa msafara tu, nyuma ya lori la kusukuma theluji. Kiongozi ni Oddlaug, mama mwenye kizibao cha kung'aa na sauti ya kuita ng'ombe. Alipita gari kwa gari. Nguo za sufu? Koleo? Mafuta? Kwetu alichungulia, akaona soksi, akaandika jambo kwenye glavu yake. "Mdenmaki? Kaa nyuma ya hilo gari jeusi. Usitoke garini, usigeuze, usipoteze taa zake."

Gari jeusi ni la Gaute. Shahidi alitakiwa awe nyuma yetu, lakini Oddlaug hapangiwi. Akamgeukia: "Na wewe usimng'ang'anie mwenzako mkia."

"Mama, hili lina mitambo ya kujizuia," Gaute akasema.

"Na mlima una mitambo yake."

Gaute alikuwa amevaa viatu vya ngozi. Vya ofisini! Juu ya mlima! Nimeviona kwa macho yangu.

Tukaenda. Dunia nzima nyeupe, taa mbili nyekundu mbele, basi. Mads hakuziachia macho. Gia ya pili, mikono imelegea kwenye usukani kama nilivyomfundisha. Gaute alimkaribia aliyemtangulia, akarudi nyuma, akamkaribia tena, kama mtoto kwenye foleni ya pipi. Baada ya kilele, kwenye mteremko, wa mbele wakapunguza mwendo. Taa za Gaute zikawaka nyekundu sana, halafu zikaenda upande. Taratibu kabisa. Zikaingia kwenye ukingo wa theluji na kuelekea mbinguni.

Mads aliacha nafasi. Ile nafasi kubwa niliyomwambia, na akaiongeza. Akashuka kwa gia, akagusa breki kwa ncha ya mguu, tukasimama tukiwa mbali naye kiasi cha kupumua. Nilitaka kumbusu lakini haikuwa wakati wake.

Gaute akaja kwetu akijishikilia boneti yetu, kisha kioo cha mlango, viatu vyake vimegeuka madonge. Kinyume na amri, bila shaka. Akaingia nyuma kati ya viazi na maziwa. Lori limeendelea na wa mbele, litarudi kutuchukua. Nyuma yetu kuna taa za wengine. Tunangoja.

Sasa ndiyo shida. Tumesimama mteremkoni, juu ya barafu, na gari la Gaute liko chini yetu. Tukizima na kuacha ndani ya gia, hakuna joto, na Gaute tayari meno yanagongana. Injini ikiwaka, lazima kitu kitushikilie. Ni breki ya mkono, au mguu wa Mads. Tukiivuta ya mkono itaganda, na lori litakaporudi tutakuwa kizibo cha msafara mzima, na Oddlaug atatufunga mnyororo na kutuburura mpaka mlangoni kwa Baba.

Kwa hiyo ni mguu. Amekanyaga tangu tuliposimama. Goti limeanza kumtetemeka. Nimevua buti, nimepitisha mguu wangu juu ya gia, nimeuweka juu ya mguu wake, nakanyaga naye. Daftari liko kwenye goti langu jingine. Mguu wake una baridi na nampenda kuliko nilivyompenda kanisani.

Gaute ametuona. Kageuza uso dirishani. Nilikuwa nangoja utani, nilikuwa na jibu tayari mdomoni, baya sana.

Nimemmiminia kahawa. Amemwaga nusu kwenye viatu vile. Havina cha kupoteza.

"Breki zangu zilifanya kazi," akasema mwishoni. "Nilizisikia zikifanya kazi."

"Ndiyo," Mads akasema. Hilo tu. Mungu anajua angeweza kuongeza mengi.

Goti linatetemeka vibaya sasa. Langu pia. Gari limeteleza kidogo, upana wa kiganja, likakamatwa tena. Gaute ameinama mbele, kichwa chake kiko kati ya viti vyetu. Ananuka kahawa na hofu.

"Ivute," amesema. "Ivute tu, shemeji. Sitamwambia Baba."

Shemeji. Hajawahi kumwita hivyo.

Mads amenitazama. Mkono wake uko juu ya soksi, haujavuta. Chini, ndani ya weupe, kuna taa ya manjano inazunguka, ndogo, inapanda kuja kwetu: ni lori, na Mads ameiachia soksi bila kuivuta.