Matundu Sita

Fatima, Visiwa vya Madeleine
2 Aprili

Mdogo wangu Rosaire,

Salamu nyingi, na hali yako je? Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamvimba lakini mdomo ni mzima. Leo asubuhi amegombana na redio kwa sababu imetabiri theluji. Baba yupo, anakohoa na kumkataa daktari. Barafu imeanza kuachia ghubani. Najua ni ajabu mtu kukaa kimya miaka tisa halafu akaanza kwa kuulizia afya, lakini pengine pa kuanzia sipajui. Anwani nimeitoa kwenye kadi uliyomtumia Mama Mwaka Mpya. Ameificha ndani ya kopo la unga, anadhani hakuna ajuaye.

Niseme kwanza kwamba nimekukumbuka, tena sisemi kwa desturi ya barua. Kuna siku mtu hupiga mluzi kama wako gatini nami nikatoka mbio na glavu za chumvi mkononi, kumbe ni mtu wa watu tu. Mama bado anakata pai ya Jumapili vipande vinne. Kile cha ukingo ulioungua, ulichokuwa ukikigombania, hakiguswi mpaka Jumatatu.

Sasa habari za nyumbani. Boti yetu, Blandine, iko bandani tangu Novemba, tumbo wazi. Msimu uliopita injini ilitikisika hadi bolti zake zikawa zinalegea kila wiki, na mimi kazi yangu ikawa kuzikaza badala ya kuvuta madema. Jirani yetu Fabien akamwambia Baba kwamba ama abadilishe mihimili, ama awafundishe kambakoche kuja gatini kwa miguu yao. Baba alinuna siku mbili, kisha akakubali. Ndiyo hiyo mihimili miwili ya mbao inayolala kwa urefu chini ya sakafu, inayobeba injini na kuishika boti isijikunje.

Baba alitaka mbao tena. Mimi nikasema hapana, safari hii tunaweka povu gumu na kulifunika kwa vitambaa vya faibaglasi na gundi yake, maana povu hilo halinywi maji wala halina cha kuoza. Alivyocheka! Akaniuliza tangu lini mtu mwenye akili akaenda baharini juu ya godoro, na kama nimenunua na mito. Fabien naye akadakia kwamba angalau tukizama tutazama tumelala. Lakini nilipomwekea Baba kipande sakafuni akapanda juu yake na mabuti yake yote, kikagoma hata kubonyea, akashuka akaanza kukipima.

Tukaanza. Baba akashikilia kwamba tutoe mhimili mmoja, tujenge mpya, ndipo tuguse wa pili, la sivyo boti ingepoteza umbo. Mimi nilikata na kusaga, vumbi la faibaglasi likaniwasha mpaka kope. Yeye alichochea jiko mchana kutwa, kwani gundi haishiki kwenye baridi. Siku ya kulaza povu la kwanza alishika ncha moja, nami nyingine. Akatazama katikati, pale palipopinda kidogo kwa uzito, akasema kazi hii ni ya watu watatu. Hakusema wa tatu ni nani.

Ikaja wiki ya katikati ya Kwaresima, na watu wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na vinyago vyao, wenyeji wabahatishe ni akina nani. Jioni ya Alhamisi waliingia watano kwetu. Mama aliwabahatisha wanne haraka haraka. Unamjua, huwatambua kwa makalio wala haoni haya. Akabaki mmoja mrefu, kavaa gauni la harusi na foronya kichwani, kasimama kimya karibu na jiko. Baba huwa hachezi mchezo huo. Safari hii aliweka kikombe chini, akainuka, akamsogelea, akayatazama mabega yale kwa muda mrefu. Kisha akasema, polepole kabisa, "Rosaire."

Miaka tisa, mdogo wangu, jina hilo halijatoka kinywani mwake. Hakuna aliyecheka. Yule mtu akavua foronya, kumbe ni mpwa wa Fabien, uso mwekundu kama aliyekamatwa anaiba. Akasema, "Nisamehe, mzee." Baba akamjibu kwamba hakuna neno, akammiminia kinywaji, kisha akaenda kuosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Mama aliingia chumbani na hakutoka tena.

Sasa nisikilize, na ukitaka kuichana barua baada ya hapa, ichane.

Unayakumbuka maneno ya Baba gatini, siku ulipoigusisha Blandine kwenye fungu la mchanga langoni mwa ghuba. Alikwambia mbele ya watu wote kwamba umeivunja mgongo, na kwamba mikono yako haifai hata kushika beleshi. Ukapanda feri kwenda bara kesho yake. Tangu hapo kila bolti ikilegea tulisema ni lile fungu, ni Rosaire.

Mwezi wa Februari nilipoupasua mhimili wa kushoto, pale boti ilipogusa mchanga mbao ilikuwa kavu na ya manjano, nzima, hata utomvu ulinukia. Uozo ulikuwa nyuma, karibu na injini. Nilichota mbao kwa kijiko. Na katikati ya uozo ule palikuwa na matundu sita ya skrubu. Ni mimi niliyeyatoboa, miaka miwili kabla ya lile fungu, nilipofunga pampu ya maji usiku wa kuamkia kufunguliwa kwa msimu. Silikoni ya kuzibia ilikuwa imeganda kwa baridi. Nikajiambia nitaziba Jumapili. Sikuziba Jumapili hiyo wala nyingine yoyote. Maji yaliingia hapo taratibu, mwaka baada ya mwaka, na wewe ukabeba lawama.

Hilo lilikuwa kosa. Baya zaidi ni kwamba Baba alikuwa nje siku ile, nami nikavitia vipande vile vilivyooza ndani ya jiko la bandani kabla hajarudi. Vilikuwa vimelowa, vikafuka tu moshi. Nilisimama nikavichochea mpaka viliposhika moto. Nilimwambia uozo umeanzia kwenye fungu. Nilikuuza mara ya pili, Rosaire, nikiwa mtu mzima, kwa kuogopa uso wa mzee mmoja.

Baada ya jioni ile ya vinyago sikuweza tena. Nilimweleza yote Ijumaa asubuhi, Mama akisikia. Aliuliza kitu kimoja tu: matundu mangapi? Nikamjibu. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Alisema mimi nilisahau kuziba tundu, lakini maneno ya gatini aliyasema mwenyewe na hakuna aliyemtuma.

Sikuombi urudi kwa ajili yangu. Mihimili yote miwili imeshasimama, na madema tutayashusha Mei, uwepo usiwepo. Ila mimi nakutaka nyumbani hata uje kunitukana.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine, imekunjwa mara nne. Usidhani imeingia kwa bahati mbaya. Hiyo ni barua ya Baba. Ameikalia siku tatu mezani, na Mama akamchongea penseli mara mbili. Ameandika "Rosaire mwanangu", akaweka mkato, akashindwa kuendelea. Jana amenipa akasema itume hivyo hivyo.

Mama anakubusu. Fabien anakusalimu, na mpwa wake pia, ingawa hamjuani. Nikutakie afya na mkate wa kila siku huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Éveline wa mzee Nectaire