Kahawa ya Mama Ndunguru Juu ya Zulia la Kampuni

Jumatano, Mbinga. Baridi ya kuvaa masweta mawili, na tangu mchana inanyesha mvua ya Julai ambayo hakuna aliyeitegemea.

Mimi ni mtunza ghala wa kampuni inayonunua kahawa. Ukutani kwetu, nje na ndani, pameandikwa "Mkulima Kwanza". Maneno hayo yalipotungwa nilikuwepo. Tulipelekwa Mbamba Bay, tukashinda hotelini kando ya ziwa tukitafuta dhamira ya kampuni. Tulipoipata tulipiga makofi, tukala samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma, tukarudi.

Sikuyawaza tena mpaka leo.

Mama Ndunguru, mkulima wetu, alikuja kutoka kijiji cha Ruanda na gari la kukodi, magunia ya kahawa iliyokauka nusu yakiwa nyuma. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba aihifadhi ghalani mpaka jua litoke. Kahawa ya namna hiyo ikilowa tena huota ukungu, na yeye hana zao lingine la kumsomeshea mjukuu wake. Nikamweleza kuwa ghala ni la kahawa iliyokwisha kununuliwa.

"Zamani ningeiingiza jikoni, mwanangu. Ninyi mkatukataza, mkasema inashika moshi. Tukawasikiliza. Sasa niipeleke wapi?"

Somo hilo la moshi nililitoa mimi, uwanja wa kanisa, baada ya misa.

Nikampigia meneja, yuko Songea. Akakataa, na kusema haki hakukosea. Kahawa yenye maji ikilala na kavu, ile kavu nayo huvuta unyevu, na yetu ina mteja tayari. Kampuni isiyouza haina cha kumnunulia mkulima. Hayo yote nayajua. Nikamkumbusha tu yale maneno ya ukutani. Akacheka kidogo, akasema yale ni ya wageni.

Nilikasirika. Nimejishangaa, maana kazini huwa sikasiriki.

Ghala sikulifungua. Nilifungua chumba cha mikutano, ambacho meneja hakukitaja wala mimi sikukiulizia. Tukatoa viti, tukatandaza maturubai juu ya zulia jipya, tukaimwaga kahawa mpaka chini ya yale maandishi ya ukutani. Zulia limelowa pembeni na chumba kizima kinanuka kahawa mbichi. Mama Ndunguru alivua viatu mlangoni. Hakushukuru sana. Nadhani kwake tulikuwa tumefanya tu kile tulichokwisha kusema.

Kesho meneja analeta wanunuzi kutoka nje, na hana chumba kingine cha kuwakaribisha. Huenda yakafutwa maneno, huenda nikafukuzwa mimi. Nalifikiria hilo kwa utulivu ambao sijui nimeutoa wapi.

Kahawa lazima igeuzwe asubuhi na mapema, kwa hiyo ufunguo nimemwachia Mama Ndunguru, aliyelala kwa mdogo wake hapa mjini. Meneja akitaka kuingia, itabidi ampigie hodi yeye.