Vidato Tisa vya Ngazi

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta kifua kimepoa na wapwa wangu hawajakumalizia sukari. Mimi ni mzima kupita kiasi. Dada, mdogo wako kazaliwa na bahati ya peke yake, hata wenzangu kazini sasa wananigusa bega kabla ya kushuka shimoni. Jumanne ya wiki iliyopita mtaro uliporomoka, udongo wa kujaza lori, nami nilikuwa nimetoka humo muda wa kumeza mate tu. Hata punje ya mchanga haikunigusa.

Shemeji, mumeo, ndiye aliyebaki chini. Tulia, yu hai. Najua walikupigia simu, lakini simu za ofisini husema maneno mawili zikakata, kwa hiyo mimi nakueleza yote. Yuko wodini, kitanda cha dirishani, mguu wa kushoto umepondeka kuanzia goti. Ijumaa madaktari wataamua kama unabaki au unakatwa.

Kazi yetu unaijua: mtaro wa mabomba ya maji machafu, kina mita tatu, kila watu wawili na kipande chao, ukimaliza unakwenda zako. Kuta hushikiliwa kwa mbao na miti ya kukazia. Stoo iko mbali, basi sisi wajanja huing'oa miti ya nyuma tukaipeleka mbele. Tumefanya hivyo miezi, tukimcheka msimamizi anayepimapima mbao kama fundi cherehani. Siku hiyo shemeji alikuwa nyuma yangu anasawazisha chini, ananitania kwamba nachimba kama kuku aliyevaa viatu.

Nikatoka. Kikasikika kishindo kama gunia limeangushwa, halafu kimya. Palipokuwa na mtu pakawa tambarare.

Wote tulishika masepetu tukarukia humo. Msimamizi akatuamuru tuyatupe. Sasa kuna neno la Kiingereza, ekskaveti, liko kwenye karatasi zetu zote za kazi, na mimi hujidai nalo kila nipatapo wa kunisikiliza. Hata kinyozi nilimwambia aniekskaveti ndevu. Nilidhani ni kuchimba kulikovaa tai. Yule bwana alisema: "Hapa hamchimbi, mnaekskaveti. Anayechimba anataka shimo. Nyinyi mnataka kilichomo."

Tukaanza kwa viganja, kwa kofia, kwa sahani za bati tunazolia. Ulitokea mkono kwanza, nikaujua kwa saa uliyomnunulia wewe. Kisha uso. Tulimtoa udongo kinywani kwa kidole, na alipovuta pumzi, sauti ile sijui niifananishe na nini, mimi mwenye mfano wa kila kitu. Mguu ulituchukua saa mbili. Kucha zangu tatu zimebaki mle.

Sasa naitwa mkombozi. Shemeji, pamoja na maumivu yale, anawasimulia wauguzi jinsi nilivyomfukua kwa kucha. Jana alinishika mkono akasema, "Shemeji, bila wewe saa hizi ningekuwa bomba." Akacheka mpaka akalia. Ujumbe wako wa kunishukuru na kuniombea dua nimeusoma mara nne.

Usinishukuru. Shemeji nilimuaga kwamba naenda kunywa maji. Sikuwa na kiu. Nilikuwa nimeona ufa juu ya kichwa chake, upana wa kidole, mchanga unadondoka humo kama chumvi. Nilijua maana yake, nimechimba miaka kumi na moja. Niliogopa, nikahisi nikitoa sauti ukuta utasikia. Ngazi ile ina vidato tisa, dada, na kwenye kila kidato ningeweza kumwita. Nilifika juu, nikasimama, na bado sikumwita.

Yeye hajui. Ukifika Alhamisi utanikuta mlangoni mwa wodi, nitamwambia mbele yako, asiende kukatwa mguu huku ananiita mkombozi. Ukitaka kunipiga, nipige hapo hapo, sitainua mkono.

Wabusu watoto. Mama mkwe wako mwambie mwanawe anakula, na anauliza habari zake kila asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, yule mwenye mdomo mrefu. Haikuwa bahati. Nilikimbia.