Judith Aliyeachwa Poitou

Poitou, 4 Mei 1974

Mama mpenzi,

Hujambo? Binti yangu Adela hajambo? Mimi mzima, ila miguu imechoka kwa kuzunguka. Nimekipata kijiji cha wazee wetu Wahugenoti, Waprotestanti wa hapa Ufaransa. Nyumba ya ukoo wetu, akina Tourtelin, ipo, na anaishi humo Bibi Guérineau, ndugu yetu wa damu. Niliposema natoka Karolina, Marekani, alinikagua juu hadi chini. "Mmechelewa," akasema. "Karibu miaka mia tatu. Haya ingia, supu inapoa."

Tulifundishwa kwamba familia yote iliwatoroka askari wa mfalme. Si kweli, Mama. Walimwacha binti yao mdogo, Judith. Alikuwa anakohoa, na kikohozi kingewakamatisha wote mle melini walimojificha. Walimwachia yaya, wakaahidi kutuma mtu amchukue. Kaburi lake liko bustanini, maana Waprotestanti walinyimwa makaburi ya kanisa. Nimelia sana. Nitakawia kidogo.

Mwanao, Susannah

Charleston, 17 Mei 1974

Mwanangu Susannah,

Salamu nyingi. Nyonga inanisumbua, mengine namshukuru Mungu. Nimewasimulia kanisani habari za Judith. Shangazi yako Esther amenuna. Eti akina Tourtelin hawaachi watoto. Nikamwambia, "Nyamaza wewe, mmoja nimemwacha mezani kwangu anakula kamba wa baharini na uji wa mahindi."

Hiyo "kidogo" yako ni kiasi gani? Ulisema ungerudi Pasaka. Kila gari likisimama nje, Adela anakimbilia dirishani.

Mama yako

London, 9 Juni 1974

Mama mpenzi,

Nyonga inaendeleaje? Usikasirike. Wazee walipitia hapa kabla ya kuvuka kuja kwetu, nami lazima nijue kama walimtuma mtu kweli. Nikifikiria jinsi Judith alivyongoja, usingizi haunijii. Nikitoka hapa napitia Uholanzi.

Siku ya kuagana Bibi Guérineau aliniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, yuko kwa mama yangu. Akaacha kukata mkate, akanitazama. Sijui nilimkosea nini.

Mbusu Adela.

Mwanao, Susannah

Charleston, 28 Agosti 1974

Susannah,

Leo sikuulizi hali. Kadi zako za Uholanzi zinaonyesha u mzima. Nimechoka na nina hasira, na nakupenda.

Jana Adela alianguka barazani, akachubuka goti. Akaja mbio akilia, "Mama! Mama!" Nikageuka kutazama getini, nikidhani umefika. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ananiita mimi.

Nimeitika.

Mama yenu