Moshi wa Jiko la Apondi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Mgongo umekufa. Marobota ishirini ya nguo, kutoka kwenye lori mpaka beismenti, ghala la chini ya jengo. Lakini leo tumecheka! Watu wa chuo kikuu wamekuja hapa Eastleigh na kompyuta. Injinia wao, Jecinta, anasema wanapiga hesabu za vituo vya treni vya chini ya ardhi: moshi au gesi mbaya ikitokea, itaelekea wapi, na watu watokee wapi. Nairobi hatuna treni ya chini, basi wamechukua beismenti yetu. Ondiek, mbebaji mwenzangu, akauliza treni inafika saa ngapi, apakie robota lake.

Jumanne, 9 Septemba
Wamebandika mishale ya kijani. Kompyuta imesema moshi utapanda njia ya malori, watu watoke kwa ngazi za nyuma.
Si kweli. Miaka sita namwona Apondi, muuza chai wetu, akiwasha jiko huko chini. Moshi wake huenda moja kwa moja ngazi za nyuma. Macho yangu yanajua — ndizo ngazi ninazopanda.
Lakini jiko limekatazwa. Nikisema, Apondi atafukuzwa. Na hunipa chai hata siku sina kazi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimebeba. Sijasema. Chai ya Apondi nimeiacha kikombeni.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimesema! Kwanza kwa Apondi mwenyewe.
"Omera, ndugu yangu, umeniuza?"
Nikamwambia bado, nimeanza na wewe. Akapepea jiko weee. Halafu: "Enda. Huku chini kuna watoto wa watu."
Nikaenda kwa Jecinta, nikamwambia moshi huelekea wapi. Hakucheka. Aliuliza lango la malori hufungwa saa ngapi. Mchana halifungwi, nikamwambia. Kumbe kwenye kompyuta yake limefungwa, haioni upepo unaoingia hapo na kusukuma moshi nyuma! Na mimi niliachia darasa la sita.

Jumamosi, 13 Septemba
Saa nne wakatoa moshi wa majaribio, usiodhuru. Ukaenda ngazi za nyuma kama umetumwa! Mishale ikang'olewa. Tukatokea njia ya malori, Ondiek na robota mgongoni. Aliambiwa aliache, akasema mwenye mzigo hajaambiwa.
Mumin, msimamizi wa jengo, ameona jiko. Anataka lihamie juu, langoni, lakini lazima mwenye jengo akubali. Mumin yuko ofisini naye, pamoja na Apondi na Jecinta.
Mimi niko langoni, nalinda jiko tulilolipandisha kwa muda. Mlango wa ofisi bado umefungwa. Maji yamechemka. Nimetia majani ya watu watano.