Karatasi za Kujazia

3 Machi

Shikamoo baba,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti limekubali ngazi. Mimi sijambo, ila chai yangu inapoa kila siku kabla sijainywa.

Uliniandikia kwamba Fundi Saa alikuuliza binti yako anafanya kazi gani, ukamjibu "mambo ya kompyuta" na kubadilisha mazungumzo. Ngoja nikupe jibu. Mimi na wenzangu kumi na mmoja, wengine sijawahi kuwaona sura, tunatunza programu inayopitisha ujumbe bila kujulikana umetoka kwa nani. Ujumbe unatiwa ndani ya bahasha tatu. Kila kituo kinafungua moja, kinaona kituo kinachofuata, basi. Programu yenyewe iko wazi. Yeyote anaweza kuisoma na kuisahihisha. Anayeitumia ni muuguzi anayeripoti dawa bandia, au mke aliyekimbia kipigo anayetaka kumwandikia dada yake.

Ili mtu asitambulike kwa uzito wa barua yake, vifurushi vyote tunavifanya saizi moja. Kilicho chepesi tunakijazia. Sasa kuna mtu ametuarifu kwamba anwani zinavuja. Wiki ya pili hii natafuta tundu, silioni.

Wasalimie wastaafu wenzako, na waache kukuita Karatasi Tupu. Upara si kosa.

Binti yako


12 Machi

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Goti linaringa tu. Mama yako anasema chai hainywewi kwa macho.

Nimekusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Nimekusomesha, ukapata ofisi yenye kiti cha kuzunguka, ukaiacha uende kuficha watu. Na wezi je, hawajifichi humo? Mara ya pili nilikasirika kidogo. Mara ya tatu nikakwama pale penye kujazia.

Miaka thelathini na moja nimechambua barua na vifurushi, kwa hiyo niruhusu swali moja. Hivyo vifurushi vyepesi mnavijazia kitu gani, na mnakitoa wapi? Nina sababu ya kuuliza. Usinipigie simu, jibu nalitaka kwenye karatasi.

Baba yako


20 Machi

Shikamoo baba,

Hamjambo wote? Leo sina salamu ndefu. Swali lako nililisoma nimesimama mlangoni, nikaingia ndani na viatu.

Tunajazia kwa kumbukumbu ya mashine, baba. Nafasi ile ilikuwa imetumiwa na ujumbe uliotangulia, na hakuna aliyeifuta. Kifurushi cha huyu kilikuwa kinabeba mabaki ya anwani ya yule. Dawa yake ni mstari mmoja tu wa programu.

Na mstari uliokosekana ni wangu. Sehemu hiyo niliiandika mimi miaka mitatu iliyopita, nikajisifu kwamba inakwenda kasi. Wenzangu wanapima marekebisho. Toleo jipya linatoka tarehe 30. Mmoja wao, kwa nia njema, anashauri tuliite usafi wa kawaida, yaishe kimyakimya. Lakini watu wasipoambiwa hawataharakisha kuliweka, na wataendelea kuvuja. Nami nikisema, nani ataniachia tena funguo za kutolea matoleo? Kazi hii ndiyo ninayoipenda. Tangazo nimeliandika na kulifuta mara nne. Naona aibu, baba.

Kuhusu wezi: posta nayo ilibeba barua zao, na wewe hukuzifungua.

Binti yako


25 Machi

Marahaba mwanangu,

Hii naituma kwa njia ya haraka, na nitamsimamia karani mpaka aipige muhuri sawasawa. La wezi umenishinda. Sasa kaa kitako.

Mwaka wangu wa nne kazini, mama mmoja alileta kifurushi cha vikombe. Vilikuwa vinagongana. Kwa wema wangu nikakijazia fomu zilizoharibika, nilizoziokota kapuni. Moja ilikuwa ya dada aliyehamisha anwani yake baada ya kumkimbia mumewe. Vikombe vikafika kwa shangazi wa mume huyo. Baada ya wiki mbili mume alikuwa mlangoni kwa yule dada. Majirani walimwahi, akapona, lakini alilazwa.

Hakuna aliyejua fomu ilifikaje kule. Nilijua mimi. Nilikaa nalo siku tisa. Siku ya kumi nikapanda juu ya kreti mbele ya makarani wote nikasema, ni mimi. Nilingoja kufukuzwa. Walinihamishia kwenye stempu mwaka mzima, na tangu siku hiyo hakuna aliyejazia kifurushi kwa karatasi yenye maandishi. Ndipo wakaniita Karatasi Tupu. Wakati huo nilikuwa na nywele, tena nyingi.

Sikukuambia kwa aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Weka jina lako, mwanangu, na uliweke juu.

Baba yako


4 Aprili

Shikamoo baba,

Natumai hamjambo. Mimi jana nilikunywa chai ya moto.

Tangazo lilitoka tarehe 30, jina langu mstari wa kwanza. Nimetukanwa na watu nisiowajua, tena kwa ufundi. Lakini kwa siku tano vituo karibu vyote vimeweka toleo jipya. Funguo nilizirudisha mwenyewe. Wenzangu wakapiga kura, wote kumi na mmoja wakanirudishia, hata yule wa kimyakimya.

Mstari wa mwisho wa tangazo unasema: "Swali lililofichua kosa hili liliulizwa na Karatasi Tupu, karani wa posta mstaafu." Sasa wataalamu wanauliza ni nani huyo, na kama anapokea kazi. Nimewaambia goti haliruhusu.

Binti yako


19 Aprili
Ujumbe umepokelewa kupitia ukurasa wa taarifa za siri. Mtumaji: hajulikani.

Marahaba mwanangu, najua ungeanza wewe.

Mama yako anabonyeza, mimi naamuru. Barua isiyo na stempu wala muhuri inanitia mashaka, lakini nataka nione kazi yako kwa macho yangu.

Juzi nilipeleka saa ya ukutani kwa Fundi Saa. Kulikuwa na foleni ya watu wanne. Akaniuliza tena, yule binti yako hasa anafanya nini? Safari hii sikubadilisha mazungumzo. Nikamwambia kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: ni karani wa posta, kama baba yake, na amenipita. Wakataka maelezo. Nimewaeleza bahasha zote tatu, saa ikasahaulika mezani.

Najivunia wewe. Nilipaswa kuanza na hilo.

Hapa chini siweki saini. Ukinitambua, kosa si la programu yako.